Maji ya Ndukia Hayajui Kusoma

Si zamani, wala si za kale. Ni juzi tu, katika nchi ambayo jina lake sitalitaja, kwa kuwa kulitaja kwenye maandishi yasiyo rasmi kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kupisha ukarabati tangu mwaka ule wa mvua kubwa. Nchi yenyewe ni nzuri. Ina wimbo wa taifa wenye beti tisa, na ina utaratibu. Utaratibu ndio fahari yetu. Kwingine watu huzindua kitu baada ya kukijenga. Sisi tuligundua mapema kwamba uzinduzi ndiyo kazi yenyewe, na kwamba kujenga baada ya kuzindua ni kurudia kazi iliyokwisha.

Mimi naitwa Zuberi Mtandi. Ni mtumishi wa Wilaya ya Kisangilo kwa miaka ishirini na mitatu, kwa vyeo viwili vinavyokalia kiti kimoja: Msajili wa Vikundi vya Burudani, na Mtunza Mawe ya Msingi. Nimeagizwa na Mkuu wa Wilaya niandike historia ya bendi iitwayo Nani Kakutuma, ili vizazi vijavyo vijue jinsi walivyoipotosha jamii, na nakala ipelekwe kunakohusika. Nimeandika. Kama kuna mahali nimekasirika kupita kiwango kinachoruhusiwa, msomaji anisamehe. Mkuu wa Wilaya simwombi msamaha, sababu ataiona mwenyewe mwishoni.

* * *

Mto Ndukia unaikata wilaya yetu katikati. Upande huu tuko sisi, mashamba yetu na ofisi yangu. Upande wa pili kuna kituo cha afya, soko la Jumamosi na barabara. Kiangazi mto huvukwa kwa miguu, mtu akijipandisha nguo hadi kiunoni. Masika yakiingia huvukwa kwa mtumbwi wa mzee Gwau, naye Gwau humvusha mtu siku zile tu ambazo yeye mwenyewe anaona atarudi.

Daraja la Ndukia lilizinduliwa kwa mara ya kwanza miaka kumi na tisa iliyopita. Waziri alikuja, akaweka jiwe la msingi la zege lenye kimo cha kifua, limenakshiwa jina lake kwa herufi za dhahabu. Siku hiyo hiyo lilishushwa pipa moja la lami, tupu, kama ishara ya nia njema. Waziri wa pili alipokuja hakutaka kusimama kwenye jiwe la mwenzake, akaweka lake. Hivyo hivyo wa tatu. Kufikia wakati ninaouelezea, ukingo wa mto ulikuwa na mawe saba yamepangwa mstari, na kila Ijumaa mimi huyaosha kwa maji na sabuni, nikayapaka chokaa pembeni, nikafyeka nyasi. Watalii wawili waliwahi kupotea njia wakaniuliza hapa wamezikwa akina nani. Niliwajibu kwamba hapa hajazikwa mtu, hili ni daraja.

Mwaka wa jiwe la saba, masika, Bi Kibibi, mama mmoja wa upande wetu, alishikwa na homa kali. Akapakiwa kwenye mtumbwi wa Gwau apelekwe kituo cha afya. Katikati ya mto gogo likaupiga mtumbwi ubavuni. Gwau aliokotwa kwenye matete akiwa hai. Bi Kibibi alipatikana siku ya tatu.

Nilipiga simu makao makuu kama mwongozo unavyotaka. Wakaniuliza kama kuna jiwe lolote lililodhurika. Nikasema hakuna, ila kuna mama wa watu amesombwa na maji. Wakasema kama mawe ni salama basi hakuna dharura, niandike ripoti. Nikaandika. Nayo ninayo hapa, kwa mwandiko wangu: kwamba marehemu alikutwa ndani ya eneo la mradi wa ujenzi akiwa hajavaa kofia ngumu. Ripoti ilisifiwa. Nilipewa cheti, nikakitundika ukutani, na kwa muda mrefu nilikuwa nakitazama bila kuona kitu.

* * *

Arobaini ya Bi Kibibi ilipopita, binti yake mkubwa, Mwasiti, fundi cherehani, alikuja ofisini na wenzake wawili. Ngwali ni fundi redio. Kandido ni mchoma matofali. Walitaka kusajili bendi ya panki. Mimi panki niliijua kuwa mtindo wa kunyoa nywele, nikawaelekeza kwa msajili wa vinyozi. Ngwali akanifafanulia kwa upole kwamba ni muziki wa haraka na wa makelele, wa watu wanaoamini kwamba mwanadamu anaweza kuishi bila kutawaliwa. Nikauliza kama hiyo ina maana wanaipinga serikali. Kandido akasema upande huu wa mto hajawahi kuiona serikali, sasa angeipingaje.

Shida ilikuwa kwenye fomu. Fomu inataka Mwenyekiti. Wao wakasema hawana, wote ni sawa, hakuna mkubwa. Niliwaeleza kwamba katika nchi hii hakuna kikundi kisicho na Mwenyekiti. Kamati ya mazishi inaye. Hata mahabusu pale kituo cha polisi, wezi wa kuku watano, walikuwa wameshachaguana. Wakatoka nje, wakajadiliana kwa sauti ya juu kama watu wasio na mkubwa, wakarudi na fomu imejazwa. Mwenyekiti: Pipa. Umri: miaka kumi na saba. Kazi: ujenzi wa daraja.

Pipa ndilo lile pipa la lami. Kandido alikuwa ameliokota mtoni, amelikata mdomo, na ndiyo ngoma yake. Niliisoma fomu mara mbili. Hakuna kifungu kinachosema Mwenyekiti lazima awe anapumua. Nikagonga muhuri.

* * *

Walipiga mara ya kwanza mbele ya wakubwa siku ya kuwekwa jiwe la nane. Walialikwa kwa sababu ya uchache wa vikundi, na kwa sababu mimi niliandika kwenye orodha kwamba wana wimbo kuhusu daraja. Ngwali alikuwa na gitaa alilolichonga kwa mlango wa kabati. Wimbo wao mrefu kuliko zote ulichukua dakika moja na nusu. Mwasiti hakuimba, alipiga kelele, na nilichosikia ni hiki:

Umezindua, umezindua,
jina lako liko juu ya jiwe,
mama yangu yuko chini ya maji,
na maji hayajui kusoma.

Wageni walipiga makofi kwa kuwa Mkuu wa Itifaki alianza kupiga. Kisha Mheshimiwa Waziri akasimama. Nilikuwa karibu, nikaandika maneno yake ili yasipotee.

"Ndugu wananchi, wapo wanaouliza daraja liko wapi. Hawa ni watu wa kuona kwa macho tu. Daraja si zege. Daraja si chuma. Daraja ni fikra, na fikra tumeshawaletea mara nane. Iliyobaki ni kazi yenu ninyi kuivuka."

Akavuka, yeye, kwa helikopta.

Baada ya siku ile, historia ya Nani Kakutuma ikawa historia ya makatazo, na mimi ndiye niliyeyapeleka yote kwa baiskeli. Katazo la kwanza lilisema nyimbo zisitaje maji. Wakaimba juu ya kiu. La pili likasema wimbo usipungue dakika saba, ili msikilizaji apate nafasi ya kutafakari upande wa pili wa hoja. Wakaimba dakika yao moja na nusu, kisha wakasimama jukwaani dakika tano na nusu bila kusema neno, wakiwatazama viongozi walioketi mbele. Kimya hicho kilirekodiwa, kikapelekwa makao makuu kuchunguzwa, na jibu likaja kwamba kina uchochezi kuliko wimbo. La tatu likataka kila onyesho liwe na mgeni rasmi. Wakamwalika mzee Gwau. Akakaa kwenye kiti cha mbele na shati lake la kuvulia samaki, akafungua onyesho kwa kusema kwamba yeye hana la kusema, ila mtumbwi unavuja.

Sikuwapenda. Nasema ukweli. Kila walipofungua midomo mimi nilipata barua, na kila barua ilitaka majibu kwa nakala nne. Nilimwambia Mwasiti mbele ya cherehani yake kwamba kelele hazijengi daraja. Akakata uzi kwa meno, akasema hilo na yeye ameanza kuliona.

* * *

Kiangazi kilichofuata nilimkuta Kandido katikati ya mto na kamba yenye mafundo. Alikuwa anapima. Sikumuuliza, mtu mwenye matatizo yake humwacha mwenzake na yake.

Juma moja baadaye, Nani Kakutuma waliniletea barua kwa mkono, imeandikwa kwa adabu iliyonitia wasiwasi. Walikuwa wanamwomba Mheshimiwa Waziri mpya, kwa unyenyekevu mkubwa, afike Kisangilo aweke jiwe lake la msingi, kwa maana wananchi hawajashiba mawe. Waliambatanisha wimbo wa kumsifu. Wimbo una beti kumi na sita na unamfananisha Waziri na mvua, jogoo na chumvi.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, kipindi ambacho mtu akiombwa kuweka jiwe huacha hata chakula. Waziri mpya akaja, likawekwa la tisa. Bendi ikaimba taratibu, wakitikisa vichwa, Mwasiti amevaa kitenge chenye sura ya Mheshimiwa mgongoni. Naibu wake akasikia wivu, akaja na la kumi. Mgombea ambaye alikuwa bado hajachaguliwa hata na mkewe akaja na la kumi na moja. Vijana waliokuwa wakiwafuata toka mwanzo walivunjika moyo. Waliwaita machawa, wakawarushia maganda ya machungwa sokoni. Ngwali alifutwa na vijana kwenye orodha ya marafiki zao, na mmoja akamrudishia redio iliyokuwa imeshatengenezwa, akasema heri iharibike upya.

Mimi nilifurahi. Niliandika ripoti kwamba bendi imeongoka. Kwa mafanikio hayo nikaalikwa mjini kwenye Semina ya Siku Tatu ya Kuwajengea Uwezo Watunza Mawe. Tulifundishwa kushika brashi.

Niliporudi siku ya nne, asubuhi ya soko, ukingo ulikuwa mtupu. Yalibaki mashimo kumi na moja. Nikatazama mtoni. Mawe yote yalikuwa mle, yamesimama mstari mmoja toka ng'ambo hii hadi ile, umbali wa hatua moja moja ya mtu mzima, yamezidi maji kwa shubiri mbili. Watu wa kijiji kizima walikuwa wameyavuta kwa kamba na magogo kwa siku tatu zile za semina. Kandido alikuwa amepima tangu mwanzo: yalihitajika kumi na moja, nayo yalikuwapo manane. Kwa ajili ya hayo matatu waliimba beti kumi na sita na kula maganda ya machungwa.

Akina mama walikuwa wanavuka na vikapu vichwani. Watoto walikuwa wanavuka nyuma yao bila kulowa. Mwasiti alikuwa amekaa juu ya jiwe la nane, miguu imening'inia majini, akishona kifungo.

"Bwana Mtandi," akaniambia, "karibu uvuke. Leo huvui viatu."

Kisha, kwa kuwa ni kazi yangu kukagua, nikavuka. Kila nilipokanyaga jiwe niliomba radhi kwa mwenye jina kwa cheo chake kamili, na nilipofika ng'ambo nilikuwa nimeomba radhi kwa waheshimiwa kumi na mmoja wa miaka kumi na tisa. Nikanunua sabuni sokoni. Nikarudi kwa njia ile ile, na safari hii sikuomba.

* * *

Nilipopiga simu makao makuu, hawakuuliza mara mbili. Nchi yetu ina sheria ya kuyashushia hadhi mawe, na hadhi hushuka hasa pale mtu anapokanyaga jina. Amri ikatoka: mawe yaopolewe na kurejeshwa mahali pake. Kwa kazi hiyo inahitajika kreni, na kreni haiwezi kusimama ukingo wa kwetu kwa sababu udongo ni laini. Lazima ipate pa kusimama juu ya mto wenyewe.

Siku nne baada ya simu yangu, kikosi cha wahandisi wa jeshi kilifika na malori sita. Wakashusha vyuma. Wakaunganisha. Kufikia jioni, juu ya Mto Ndukia lilikuwa limesimama daraja la chuma lenye uzio pande zote mbili, pana kiasi cha lori kupita, imara, jipya, limepakwa rangi ya kijani. Kisangilo nzima ilikuja kulitazama. Wazee walilipapasa. Mimi nilisimama pale mdomo wazi, nikahesabu. Miaka kumi na tisa. Vyuma vilikuwapo ghalani muda wote huo.

Daraja lilikaa siku mbili, na katika siku hizo watu walivuka kama wanaohama. Walipita wagonjwa wa miaka, ng'ombe, bibi harusi na jeneza moja lililokuwa linasubiri ng'ambo. Zamda, mdogo wake Mwasiti, aliyeolewa mwaka ule na akiwa na mimba ya miezi mitatu, alivuka kwenda kliniki kwa mara ya kwanza. Muuguzi alimpima, akampima tena, akamwambia presha yake inapanda vibaya na asithubutu kujifungulia nyumbani. Akitaka kuishi, azalie kituoni.

Siku ya tatu mawe yalikuwa yamesharudishwa ukingoni, na askari wakaanza kufungua nati. Mwasiti alimfuata Kapteni, kijana mstaarabu mwenye miwani, akamwomba waliache.

"Dada, ningependa," Kapteni akasema. "Lakini hili si daraja. Hiki ni kifaa cha kuopolea mawe."

Wakakipakia wakaondoka.

Kesi ilisikilizwa haraka. Kwa mujibu wa sheria, anayejibu kwa niaba ya kikundi ni Mwenyekiti, hivyo mshtakiwa wa kwanza alikuwa Pipa. Akapandishwa kizimbani na polisi wawili. Alipoulizwa kama anakubali kosa akakaa kimya, na Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa anaonyesha jeuri. Lakini gereza lilikataa kumpokea kwa kuwa hana kipimo cha nguo, kwa hiyo akahifadhiwa chumba cha vielelezo, na Ngwali akafungwa mwaka mmoja kama mwakilishi wake.

* * *

Hapo ndipo Nani Kakutuma walipoelewa kitu ambacho mimi, mwenye mafunzo, sikuwa nimekielewa. Waliimba kwa hasira, halikuja daraja. Waliimba sifa, halikuja daraja. Bi Kibibi alikufa, halikuja daraja. Jiwe lilipoingia majini, lilikuja ndani ya siku nne. Tena mwongozo wa uopoaji hautofautishi jiwe moja na kumi na moja.

Miezi mitatu baadaye Kandido alitembea mchana kweupe hadi ukingoni, akalisukuma jiwe la pili kwa bega, likatumbukia. Akakaa chini akasubiri kukamatwa, akila muwa. Siku ya nne vyuma vikaja. Safari hii kijiji kilikuwa kimejipanga: orodha ilibandikwa msikitini na kanisani, nani avuke saa ngapi, chanjo za watoto asubuhi, macho na meno mchana. Zamda akapimwa tena. Presha ilikuwa imepanda zaidi. Kandido akahukumiwa mwaka.

Daraja la siku mbili kwa mwaka mmoja wa mtu. Hayo ndiyo mapatano, na hakuna aliyeyatia saini.

Mkuu wa Wilaya si mjinga, ingawa ana watu wanaomsaidia. Akagundua. Akatoa amri kwamba mtu yeyote asisogelee mawe kwa hatua mia moja, isipokuwa Mtunza Mawe. Mgambo wawili wakawekwa. Mwezi uliopita Mwasiti alikutwa hatua tisini na saba kutoka kwenye mawe akiwa na mtaimbo. Yuko mahabusu mpaka leo, anangoja tarehe.

Zamda alikuwa ahamie ng'ambo mapema akasubirie huko, lakini nyumba ya kusubiria wajawazito imezinduliwa tu, ina jiwe zuri sana. Kisha mvua zikawahi. Ndukia umejaa, una rangi ya chai ya maziwa, na mzee Gwau ameupindua mtumbwi wake uwanjani, amekataa hata kuutazama. Zamda anatazamia kuanzia Jumatano. Miguu imevimba na anaona nyota mchana.

Jana nilikwenda kituo cha polisi kumhoji Mwasiti kwa ajili ya historia hii. Nilikuwa nimeandaa maswali ishirini. Nilimuuliza la kwanza, kuhusu mwaka bendi ilipoanzishwa. Alishika nondo za dirisha.

"Bwana Mtandi, mama yangu ulimwandikia hakuvaa kofia," akasema. "Zamda utamwandikia nini?"

Nikafunua ukurasa mwingine wa maswali yangu.

"Mimi nimebakiza hatua tisini na saba," akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, yeye ambaye nimemsikia siku zote akipiga kelele. "Ngwali yuko ndani, Kandido yuko ndani. Wewe peke yako ndiye unaruhusiwa kusogea."

Nilifunga daftari. Nilikuwa na hasira naye njia nzima, kisha nikafika nyumbani nikakuta hasira si yake.

* * *

Leo ni Ijumaa, siku ya kuosha mawe.

Asubuhi niliingia ofisini, nikateremsha kile cheti ukutani. Nikatoa fomu ya kujiunga na kikundi cha burudani, nikaijaza. Jina: Zuberi Mtandi. Kikundi: Nani Kakutuma. Nafasi: mwanachama wa kawaida, Mwenyekiti akiwa bado chumba cha vielelezo. Ala: ndoo. Sababu ya kujiunga: nimechoka. Nikaikagua, haikuwa na kosa, nikaigonga muhuri mwenyewe.

Kisha nikachukua ndoo, brashi na mtaimbo, nikaenda mtoni. Mgambo walinipigia saluti. Mmoja aliuliza mtaimbo wa nini, nikamwambia semina ilitufundisha mbinu mpya, akaridhika. Nikaliosha jiwe la nane, lile la daraja ni fikra, hadi herufi zikang'aa, maana kazi ni kazi. Halafu nikachomeka mtaimbo chini yake nikaegemea kwa uzito wangu wote. Miaka yote nimeandika kwenye ripoti kwamba mawe yako imara. Lilihama kwa msukumo wa tatu, na maji yakalipokea bila kulisoma.

Mgambo walikuja mbio, kisha wakasimama. Mwongozo hauna kifungu cha kumkamata Mtunza. Wamesema watauliza, na wakati wanauliza nimepata nafasi ya kumalizia karatasi hii, ambayo Mkuu wa Wilaya anaweza kuitumia pia kama maelezo ya mshtakiwa.

Makao makuu nimepiga simu mwenyewe, kama mwongozo unavyotaka. Wakauliza ni jiwe la nani, nikawatajia cheo chote. Nikasikia viti vikivutwa. Wakauliza kama kuna binadamu yeyote aliye hatarini.

Nilimfikiria Zamda na miguu yake. Nikasema hakuna, ni jiwe tu.

Wakasema basi malori yanaondoka sasa hivi.